Kununua Shamba: Pata Kibali Kabla ya Miezi 6

Mkulima, ukipatana na jirani yako akuuzie ekari zake, usidhani kwamba ukishalipa fedha shamba limekuwa lako. Sheria ya Kusimamia Ardhi ya mwaka 1967 yataka mauzo ya ardhi ya kilimo yapate kibali cha Bodi ya Ardhi. Maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kwisha tangu siku ya mapatano.

Bila kibali, mapatano hayo huwa si kitu mbele ya sheria hiyo. Bei ya ardhi ikipanda na muuzaji akigeuka, mahakama yaweza kukataa kumlazimisha akupe shamba. Utadai fedha zako tu, na fedha za miaka iliyopita hazinunui shamba kama lile.

Ni kweli, mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliwahifadhi wanunuzi waliokwisha lipa na kuingia katika ardhi bila kibali. Lakini mwaka huo huo majaji wengine wa mahakama hiyo walisema bila kibali hakuna mauzo. Usitegemee bahati.

Basi fanya hivi:

1. Uliza ofisi ya ardhi shamba ni la nani, na kama mkopo wa makazi umelipwa wote.
2. Andikeni mapatano, nyote mtie sahihi mbele ya mashahidi.
3. Nendeni kwa Bodi pamoja, mke au mume wa muuzaji akiwapo.
4. Usimalize kulipa kabla ya kibali.
5. Miezi 6 ikipita, mahakama yaweza kuongeza muda, lakini ni lazima uwe na sababu ya kutosha.

Tunza kila stakabadhi.