Ndege ya rimoti ya sarakasi: Bei ndogo dukani si lazima iwe gharama ndogo uwanjani

Wengi wanaonunua kwa mara ya kwanza ndege ndogo ya rimoti ya kufanyia sarakasi za angani hutazama jambo moja tu, nalo ni bei iliyobandikwa kwenye boksi. Hesabu hiyo ina kasoro. Ndege ya sarakasi hununuliwa huku mwenyewe akijua kwamba ipo siku itaanguka, na kwa anayejifunza siku hiyo haiko mbali.

Kwa sababu hiyo, mwenye fedha kidogo anapaswa kujiuliza itamgharimu kiasi gani kuirudisha ndege hewani baada ya kuanguka, kabla ya kuuliza ipi ina bei ya chini. Ndege ya bei nafuu isiyo na vipuri, inayovunjika vipande kwa kishindo cha kwanza, huishia kuwa ghali kuliko ile iliyouzwa kwa bei ya juu kidogo lakini ikatengenezeka kwa gundi jioni hiyo hiyo.

Mchezo huu si mgeni duniani. Mashindano ya kwanza ya dunia ya sarakasi za ndege zinazoongozwa kwa redio yalifanyika Uswisi mwaka 1960, na bingwa alikuwa Ed Kazmirski wa Marekani. Hadi leo Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga (FAI) husimamia daraja la mashindano hayo liitwalo F3A, ambamo ndege hairuhusiwi kuzidi mita 2 kwa urefu wala kwa upana wa mabawa. Ndege za daraja hilo ni za gharama kubwa. Hata hivyo, mota za umeme, betri nyepesi na mabawa ya povu vimewezesha mtu wa kipato cha kawaida kujifunza michezo ile ile kwa ndege ya mita 1 au pungufu.

Ndege ya sarakasi ni ipi?

Si kila ndege ya rimoti inaweza kubingirika au kuruka kichwa chini. Ndege ya mwanagenzi kwa kawaida huwa na mabawa yaliyowekwa juu ya kiwiliwili, yaliyoinuka kidogo kuelekea nchani na yenye tumbo bapa. Umbo hilo huifanya ndege ijinyooshe yenyewe inapolala upande. Tabia hiyo ni msaada kwa anayeanza, lakini kwa sarakasi ni kikwazo, kwani ndege hupigana na mrushaji kila anapotaka ibaki imepinduka.

Ndege ya sarakasi hujengwa kinyume chake. Mabawa yake hunyooka na hukaa katikati au chini ya kiwiliwili, huku umbo la juu la bawa likilingana na la chini. Kwa hiyo huruka kichwa chini karibu sawa na inavyoruka wima. Haijinyooshi yenyewe, hubaki pale ilipowekwa.

Aidha, lazima iwe na njia nne za kuongozea: ya mwendo wa mota, ya kupandisha na kushusha pua, ya usukani wa mkia, na ya vibawa vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege kulia au kushoto. Ndege nyingi za bei ya chini zina njia tatu tu, bila vibawa hivyo vya mabawa. Hizo hazifai kwa kazi hii, hata kama picha ya boksi inaonyesha ndege ikipiga kitanzi.

Uzito hutoza mara mbili

Baada ya umbo, jambo la pili ni uzito. Tuchukue ndege mbili zenye mabawa ya ukubwa mmoja, moja ikiwa na gramu 900 na nyingine gramu 1,200. Ile nzito itahitaji kasi kubwa zaidi kwa takriban asilimia 15 ili ibaki hewani bila kuporomoka. Mrushaji atakuwa na muda mfupi zaidi wa kufikiri na kurekebisha kosa.

Hasara haiishii hapo. Kila moja ikigonga ardhi kwa kasi yake ya chini kabisa, nishati ya mgongano wa ile nzito huwa kubwa kwa takriban asilimia 78. Gramu 300 za ziada, ambazo hazionekani dukani, ndizo zinazoamua kama bawa litapata ufa mdogo au litavunjika kabisa. Ndiyo maana mnunuzi anapolinganisha ndege mbili zenye upana mmoja wa mabawa, ni vyema asome uzito wa kila moja ikiwa pamoja na betri.

Nguvu ya mota nayo hupimwa kwa uzito huo. Kanuni inayotumiwa na warushaji wengi ni wati 220 hivi kwa kila kilo kwa sarakasi za kawaida kama vitanzi na mibingiriko, na wati 330 au zaidi kwa zile za kuisimamisha ndege wima hewani ikining'inia kwa nguvu ya pangaboi lake. Ili kusimama hivyo, msukumo wa pangaboi lazima uzidi uzito wa ndege nzima. Kwa ndege ya kilo 1 yenye betri ya volti 11.1, wati 330 ni sawa na ampea 30. Kidhibiti mwendo cha ampea 40 kitafanya kazi hiyo bila kuungua. Cha ampea 20, hata kikiwa nusu ya bei, hakitafaa.

Povu au mbao?

Ndege za mbao nyepesi ya balsa ni ngumu, nyepesi na hutii mkono wa mrushaji kwa usahihi mkubwa. Lakini zinapoanguka huvunjika vijiti vijiti, na matengenezo yake huhitaji subira na ustadi wa useremala mdogo. Kwa mwenye fedha kidogo anayejifunza, mbao zisubiri.

Ndege nyingi za kiwandani leo hutengenezwa kwa povu gumu liitwalo EPO. Zinapendeza, huruka vizuri na hukubali gundi, ingawa huvunjika zikigonga kwa nguvu. Povu jingine, EPP, ni laini zaidi. Hupinda na kurudi katika umbo lake, na mara nyingi huanguka na kuokotwa bila dosari kubwa. Ndege bapa za EPP zenye mabawa ya kati ya sentimita 80 na 100, zilizoimarishwa kwa vijiti vya kaboni, hazifanani sana na ndege halisi. Pamoja na hayo, ndizo humruhusu mwanagenzi kurudia kosa lile lile mara nyingi hadi mkono uzoee. Kasoro yake kubwa ni kwamba husumbuliwa na upepo.

Ipo pia njia ya kujijengea. Kundi la Flite Test la Marekani limekuwa likitoa bure michoro ya ndege zinazokatwa kutoka katika mbao za povu lililobandikwa karatasi, aina inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ofisi na shule. Kwa kisu, rula na gundi ya moto, mtu anaweza kujenga kiwiliwili kipya na kuhamishia humo mota, kipokezi na vifaa vingine vya ndege iliyovunjika. Anayetumia povu jepesi la kawaida la kufungashia bidhaa akumbuke kwamba gundi kali ya kukauka papo hapo huliyeyusha.

Redio isinunuliwe kwa pupa

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na katika mchezo huu methali hiyo inahusu zaidi redio ya kuongozea kuliko ndege yenyewe. Ndege hupita, redio hubaki. Iliyo nzuri hutumika kwa ndege nyingi na kwa miaka mingi.

Inayofaa iwe na njia 6 au zaidi, iweze kuhifadhi mipangilio ya ndege kadhaa, na iruhusu kupunguza ukali wa usukani pale mkono unaposogea kidogo. Iweze pia kuunganishwa na kompyuta kwa ajili ya programu ya mazoezi. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi. Kila ndege inayoangushwa kwenye kioo cha kompyuta ni ndege isiyonunuliwa tena, na saa chache za kuzoea kuruka kichwa chini, ambapo kupandisha pua huwa kushusha, huzuia ajali za kwanza uwanjani.

Mnunuzi wa vitu vya mitumba awe macho. Hadi katikati ya miaka ya 2000 redio nyingi zilitumia masafa ya megahezi 72 huko Marekani na 35 katika nchi nyingi za Ulaya. Watu wawili wakiwasha redio za chaneli moja uwanjani, ndege ilianguka. Redio za sasa za gigahezi 2.4 zimeondoa tatizo hilo. Redio ya zamani inayouzwa kwa bei ya kutupa huenda haina tena kipokezi kinachopatikana madukani.

Vilevile, redio na kipokezi lazima vitumie mfumo mmoja wa mawasiliano. Kuwa vyote vya gigahezi 2.4 hakutoshi, kwani makampuni hutumia mifumo tofauti.

Herufi za kwenye boksi

Ndege mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana bei kwa sababu ya herufi tu. RTF ina kila kitu pamoja na redio, ambayo mara nyingi ni ya kiwango cha chini. BNF ina kipokezi lakini haina redio. PNP ina mota, kidhibiti mwendo na mota ndogo za kusukuma usukani, ila haina kipokezi. ARF kwa kawaida ni mwili wa ndege tu. Betri na chaja mara nyingi huwa nje ya hesabu, isipokuwa kwa RTF. Anayenunua ARF akidhani amepata nafuu hugundua baadaye kwamba amenunua nusu ya ndege.

Betri ya lithiamu ya volti 11.1 yenye uwezo wa milliampea-saa 2,200 ni ya kawaida kwa ndege za ukubwa wa mita 1. Ikitumika kwa wastani wa ampea 15, na ikaachwa na asilimia 20 ili isiharibike, hutoa dakika 7 za kuruka. Kuichaji kwa kasi ya usalama, yaani ampea 2.2, huchukua takriban saa moja. Hivyo betri mbili au tatu za aina moja ni bora kuliko kubadilisha ndege mara kwa mara, na ni busara ndege ya pili ichaguliwe kwa kuangalia kama itatumia betri zile zile.

Kwa mfano, mtu aliyetenga dola 300 anaweza kuweka dola 100 kwa redio, 80 kwa ndege, 60 kwa betri, 40 kwa chaja inayosawazisha seli za betri, na 20 kwa mapangaboi ya akiba na gundi. Katika mgawanyo huo ndege haifiki theluthi ya bajeti. Ikivunjika kabisa, zaidi ya theluthi mbili ya fedha bado ipo mkononi.

Usalama na sheria

Betri za lithiamu zikichajiwa vibaya au zikipondeka huweza kuwaka moto. Zichajiwe juu ya sakafu isiyoshika moto, mtu akiwapo, na iliyovimba isichajiwe tena. Anayeletewa betri na ndugu anayesafiri kwa ndege ya abiria afahamu kwamba betri za akiba hubebwa katika mzigo wa mkononi, si katika mizigo ya chini. Pangaboi nalo hukata vidole, hivyo betri iunganishwe mwishoni kabisa, ndege ikiwa imeelekezwa mbali na watu.

Sheria hutofautiana. Marekani, kwa mfano, hutaka ndege ya kujifurahisha yenye uzito wa gramu 250 au zaidi isajiliwe. Nchini Kenya mamlaka inayohusika na vyombo visivyo na rubani ni KCAA, na Tanzania ni TCAA. Anayekusudia kuagiza aulize huko kabla ya kulipa, kwani ndege iliyozuiliwa forodhani ndiyo ya gharama kuliko zote.

Kabla ya kuruka kwa mara ya kwanza, uzito wa ndege upimwe kwa kuiinua kwa vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipotajwa katika maelekezo. Kwa ndege nyingi mahali hapo ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Ikielemea nyuma, irekebishwe kwa kusogeza betri mbele. Yenye mkia mzito huwa ngumu kuidhibiti tangu inapoacha ardhi. Mazoezi yaanzie juu, penye nafasi ya kurekebisha kosa, na yaende hatua kwa hatua: kitanzi, mbingiriko, kisha kuruka kichwa chini. Kuning'inia kwa pangaboi karibu na nyasi kuje mwisho, baada ya gundi ya kwanza kukauka na mkono kuzoea.