Kosa lililokaa miaka kenda ndani ya Linux



Ninyi mulio na telefone ya Android (hata ile munayoficha mbele ya direkta wa nidhamu) munabeba Linux kila siku pasipo kujua. Linux ni kiini, maana yake ile programu ya katikati inayotawala zingine zote ndani ya oridinateri ao telefone. Inagawa nafasi na kazi, na inakataza programu moja kuingia pahali pa ingine. Kiini kikikosea, zote zilizo juu yake zinakosea pia.

Wengi wanafikiri kitu kama hicho kilitengenezwa mara moja na watu wa akili sana, kiisha kikafungwa. Hapana. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, inchi ya Finland, wakati alipokianza katika mwaka 1991. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari karibu 10.000 tu. Leo ni mamilioni mengi, na hakuna mutu anayejua yote. Maandishi yake yako wazi: ukiwa na akili na uvumilivu, unaweza kuyasoma, kuona kosa, na kutuma kiraka.

Kiraka ni nini? Ni karatasi ndogo inayosema: ondoa mistari hii miwili, weka hii mitatu, na sababu ni hii. Mwenye kukiandika anatia jina lake chini. Mulinzi wa sehemu ile anakisoma, na mara nyingi anakirudisha: «Unachanganya mambo mawili, yatenganishe.» Hawapendi kiraka kikubwa hata kidogo. Na wako na kalenda yao: majuma mawili ya kupokea mambo mapya, kiisha majuma sita ao saba ya kusahihisha tu, halafu toleo linatoka, na wanaanza tena. Kila toleo linapokea viraka zaidi ya 10.000.

Sasa musikilize, ninyi wa sehemu ya hesabu, juu hapa njo pananipendeza. Tuseme toleo la zamani linatumika vizuri, lakini lile jipya linaharibu sauti ya mashini yako. Kati yao kuna viraka 10.000. Utatafuta namna gani chenye kosa? Unapima kile cha katikati. Sauti iko? Basi kosa liko katika nusu ya pili. Unapima katikati ya nusu ile, na kuendelea vile. Kwa kuwa 2 mara 2 mara 2, mara 14, ni 16.384, majaribio 14 yanatosha kukupeleka kwenye kiraka kimoja. Git, programu ambayo Torvalds aliandika katika mwaka 2005 kwa kuchunga viraka, inafanya hesabu ile yenyewe. Lakini kama kiraka kile ni cha mistari 5.000, umefika wapi? Ungali porini. Kikiwa cha mistari kumi, kosa liko mbele ya macho yako. Njo sababu ya kukataa viraka vikubwa.

Lakini musifikiri kwamba njia hii inakamata kila kosa. Kuna moja waliloliita Dirty COW.

Tuseme kalasi iko na buku moja tu la historia. Wote wanalisoma pamoja, hakuna shida. Mutu akitaka kuandika ndani yake, mwalimu anamwambia: hapana, nakili ukurasa kwanza katika kaye yako, kiisha andika pale. Kiini kinafanya vile na kurasa za ukumbusho wa mashini. Programu nyingi zinasoma ukurasa mmoja, na ile inayotaka kuandika inapewa nakala. Kuna hatua mbili basi: kutoa nakala, halafu kuandika. Na kati ya hatua hizo mbili kuna dakika ndogo, ndogo kabisa.

Mwizi anatuma watumishi wawili pamoja. Wa kwanza anasema: ninataka kuandika. Kiini kinamupa nakala, na kinahesabu kwamba jambo la ruhusa limekwisha. Katika nafasi ile ndogo, wa pili anasema: tupa nakala yangu. Kiini kinarudi, hakikuti nakala, kinashika buku lenyewe, na maandishi yanaingia mule. Wanarudia mara maelfu na maelfu mpaka wanapata. Kwa njia hiyo mutu asiye na ruhusa yoyote aliweza kubadili faili za mfumo na kuwa bwana wa mashini nzima.

Torvalds mwenyewe aliliona kosa hili katika mwaka 2005. Akatia kiraka. Lakini kiraka kile kikaleta shida kwa mashini kubwa za IBM, wakakiondoa. Wakati ule ilionekana ni jambo la kitabu tu, lisiloweza kutokea kwa kweli. Mashini zikaendelea, kiini kikaendelea, na tangu toleo la mwaka 2007 mulango ulikuwa wazi. Miaka kenda ikapita. Katika mwaka 2016 Phil Oester, aliyekuwa na desturi ya kuchunga nakala ya yote yanayoingia katika mashini yake ya kazi, akakuta ndani yake silaha ya mwizi. Maana yake wezi walijua mbele ya walinzi!

Katika mwezi wa kumi wa mwaka ule Torvalds akakisahihisha kwa mistari michache tu, na akaandika wazi ndani ya kiraka kwamba yeye mwenyewe alijaribu miaka kumi na moja mbele, na hakufanya vizuri. Mimi ninapenda jambo hili kuliko hesabu zote. Lakini hata kiraka hiki kilikuwa na upungufu: katika mwaka 2017 watu wengine wakaonyesha kwamba kurasa za namna kubwa hazikulindwa sawasawa. Kiraka kingine tena.

Na telefone zetu? Android ilitoa dawa mwishoni mwa mwaka 2016, lakini dawa ile inapita kwa fabrika ya kila telefone, na fabrika nyingi hazijali telefone za zamani. Mufungue mipangilio, pale panapoeleza habari za telefone yenyewe, mutafute namba ya kiini. Mara nyingi kando yake kuna tarehe ya siku kilipotengenezwa. Kama ni mbele ya mwezi wa kumi 2016, tundu lingali pale. Mimi niliangalia ile ya kaka yangu, aliyoinunua ya mukono wa pili, na anayotumia kwa kupokea feza za masomo yetu. Tarehe yake ni 2015. Tumeomba programu mpya mara tatu. Inajibu kwamba hakuna.