Nyepesi au Nzito?

Mpwa wangu aliyelowea Marekani kaniuliza: “Mjomba, ninunue ipi ya kulengea shabaha siku za mapumziko, Ruger PC Carbine au Kel-Tec SUB-2000?” Kumuuliza mshairi bunduki! Hata hivyo, nimezichungua.

Zote ni bunduki fupi zitumiazo risasi ya bastola ya milimita 9. Kel-Tec hukunjika katikati ikaingia mkobani, nayo ina kilo 2 hivi. Ruger hutenguka vipande viwili, na yazidi kilo 3. Wepesi wavutia, naam. Lakini zote hazina komeo nyuma ya risasi. Ni uzito wa chuma hasa uzuiao mripuko. Basi iliyo nyepesi husukuma bega zaidi, na shavu la mlengaji hulala juu ya bomba gumu. Kwa risasi mia mchana mmoja, hilo si dogo. Nimemwandikia achukue Ruger, na mkoba mkubwa.