Uhudumu wa Afya kwa Aliyewahi Kufikishwa Mahakamani

Huku Kilwa mtu akilala mahabusu siku mbili, mtaa mzima utasema alifungwa. Naye huishia kuamini hivyo, akaacha hata kuomba chuo cha uhudumu wa afya. Kijana aliyekamatwa pamoja na wavuvi wa baruti pale Kivinje, kisha akaachiwa bila kushtakiwa, hajatiwa hatiani na mtu. Hata angeshtakiwa, ibara ya 13 ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Yuko na wa pili: huyu alilipa faini mahakamani, jioni akawa kwao, anajihesabu hana doa. Kumbe faini ni adhabu ya aliyepatikana na hatia. Kwa hiyo anzia masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi, uombe nakala ya hukumu. Hiyo ndiyo itakayosema kosa lilikuwa lipi na liliishaje, si maneno ya barazani.

Serikali humwajiri mhudumu wa afya aliyemaliza kidato cha nne na kufuzu mafunzo ya mwaka mmoja katika chuo kinachotambuliwa. Ndiye anayetandika vitanda, kulisha na kuogesha wasiojiweza, kupeleka sampuli maabara. Bibi wa Kipatimu akiletwa wodini hajitambui, mhudumu ndiye anayemvua kanga, na pindoni mna noti zimefungwa fundo. Mwajiri anayeuliza habari za wizi au ubakaji ana haki ya kuuliza. Ngumi za ujanani, kwa maoni yangu, ni habari nyingine.

Usijaribu kuficha. Cheti cha tabia njema cha polisi huombwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kubadili jina hakusaidii kitu. Matangazo ya ajira za umma nayo huonya kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Aliyekuwa na kosa la kupigana atajiongezea la udanganyifu, ambalo wodini ni zito zaidi. Isitoshe, ibara ya 67 ya Katiba, inapomzuia aliyefungwa kwa utovu wa uaminifu asigombee ubunge, ina kifungu kinachohesabu miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Sioni kwa nini mbeba beseni awekewe kinyongo cha maisha.

Kabla ya kulipa ada, mpelekee mkuu wa chuo ile nakala ya hukumu, kisha ulizia pia hospitali unakotarajia kufanya mazoezi, iwe Kinyonga huku Kilwa au Sokoine mjini Lindi. Jibu lao uliombe kwa maandishi.