Viungo vya Mwili na Mchumaji wa Karafuu



Neno "viungo" kwetu lina maana mbili. Viungo ni karafuu, mdalasini na hiliki. Na viungo ni pale mifupa ya mwili inapokutana. Juu ya vile vya kwanza hatuna upungufu wa mazungumzo. Leo natia mkono katika vile vya pili, maana kila msimu mkarafuu hupandwa kwa viungo hivyo, na kila msimu wako wanaoshuka navyo vikiwa vibovu.

Waliosoma chuoni watakumbuka hadithi inayotaja kuwa mwanadamu ameumbwa kwa viungo 360. Tuache hesabu, tutazame namna zake.

Viko visivyocheza kabisa. Mifupa ya fuu la kichwa cha mtu mzima imeshikana mfano wa mbao zilizoungwa na seremala hodari. Ya mtoto mchanga haijashikana bado, ndiyo maana utosi wake ni laini. Viko vinavyocheza kidogo, kama pingili za mgongo, ambazo baina yake mna gegedu nene mithili ya mto. Pingili moja haipindi sana, lakini zote pamoja humwezesha mtu kuinama akaokota karafuu zilizodondoka.

Ama vile vinavyocheza sana ndivyo vyenye mambo. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini, zikazungushiwa mfuko, na ndani ya mfuko mna ute unaolainisha kama mafuta katika baiskeli. Gegedu hilo halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake katika ute ule, na kukunja na kukunjua ndiko kunakokifikisha. Basi mzee anayeshinda barazani kwa kuyahurumia magoti yake hayasaidii.

Kiwiko na goti ni mfano wa bawaba ya mlango. Shingoni, pingili ya kwanza huzunguka juu ya kijiti cha pingili ya pili, na hapo ndipo mtu anapotikisa kichwa kukataa bei mbaya. Kidole gumba kimekaa juu ya shina lake kama mtu juu ya tandiko la punda, kikaweza kuvielekea vidole vingine vyote. Kingekuwa vinginevyo, nani angechambua karafuu na makonyo?

Bega na nyonga ni mchi na kinu. Kinu cha nyonga kina kirefu, na mchi umezama ndani. Kinu cha bega ni kisahani tu. Kwa ajili hiyo mkono huenda kila upande, ukavuta tawi kwa ngoeko hata la nyuma. Lakini katika viungo vikubwa hakuna kinachotoka mara nyingi kama hicho. Mchumaji huteleza, akaning'inia kwa mkono mmoja, na kichwa cha mfupa kikatoka, kwa kawaida upande wa mbele. Utaliona bega limepoteza mviringo wake, na mwenyewe ameushika mkono kwa mkono wa pili.

Hapa nina neno. Nimeona watu wenye nia njema wakimvuta mwenzao mkono ili "urudi." Tuache desturi hiyo. Karibu na bega hupita mishipa ya damu na ya fahamu, na pengine mfupa nao umevunjika. Mvutaji asiyejua huweza kuuacha mkono umepooza. Ufungeni kwa kanga, vile vile alivyoushika, uning'inie shingoni, mkampeleke hospitali upesi, maana misuli ikishakaza kuurudisha huwa kazi kubwa. Baadaye asipande mti mpaka daktari amruhusu. Bega lililotoka mara moja, hasa la kijana, ni jepesi kutoka tena.

Aliyeanguka kutoka juu msimwinue kwa makwapa, wala msimkalishe mkampa maji. Huenda pingili za shingo zimevunjika, na ndani yake hupita mshipa mkuu wa fahamu. Mwacheni alale, mmoja akishike kichwa kisitikisike, wengine watafute gari. Ikibidi kumwondoa, alazwe juu ya ubao, wamwinue watu wanne au zaidi kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikiwa msitari mmoja.

Wenye mashamba wanaombwa kuweka ubao wa urefu wa mtu, na kanga kuukuu mbili tatu, pale karafuu zinapopimiwa, kabla mchumaji wa kwanza hajapanda.

Katibu