KUHAMA NCHI SI KUBEBA MKEKA

Ukisikia jirani yako anahamia Uingereza, usidhani kwamba siku ya safari wanafunga masanduku, wanaaga, basi. Kuhama kutoka Kayole hadi Umoja ni kazi ya mkokoteni na vijana wawili. Kuhama kutoka Nairobi hadi Leeds ni shughuli ya nusu mwaka. Wengi wetu tuna shangazi au mjomba muuguzi aliyekwenda huko, hasa baada ya Kenya na Uingereza kutia sahihi mkataba wa wahudumu wa afya mwezi wa Julai 2021. Hebu basi tuone jinsi nyumba nzima inavyovuka bahari.

Swali la kwanza si "tubebe nini?" bali "nani anaruhusiwa kwenda?" Hapa ndipo watu hulia. Muuguzi aliyesajiliwa anaweza kuwaombea viza mwenzake na watoto walio chini ya miaka 18. Mtunzaji wa wazee naye ni hadithi nyingine kabisa. Walioomba viza ya kazi hiyo kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuandamana na watoto, na mwezi wa Julai 2025 ajira yenyewe ikafungwa kwa walio ng'ambo. Kwa hivyo mzazi akisema amepata kazi Uingereza, mwulizeni ni kazi gani kabla hamjauza makochi.

Aidha, kila anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita lazima apimwe kifua kikuu, tena katika kliniki iliyoidhinishwa na Waingereza wenyewe. Cheti chake hudumu miezi sita tu. Ukipimwa mapema mno, utarudi kupimwa na kulipa tena.

Sisi wanafunzi tuna letu. Huko mwanafunzi huwekwa darasani kwa umri wake, si kwa darasa aliloacha nyumbani. Mtihani wao wa GCSE hufanywa mwezi wa Mei na Juni, wanafunzi wakiwa na miaka 15 au 16, baada ya kusomea takriban miaka miwili. Ukitua pale mwezi wa Januari mwaka wa mtihani, wenzako wamebakisha marudio nawe ndio kwanza unauliza njia ya maktaba. Mimi naona heri familia ingoje Septemba, mwaka wao wa shule unapoanza, hata kama baba au mama atatangulia. Vyeti vya kuzaliwa, ripoti za shule, matokeo ya mitihani na kadi za chanjo visitiwe kwenye kontena hata kidogo! Vikae katika mkoba wa mkononi, na nakala zibaki kwa nyanya.

Je, na mbwa? Ati wengine humkumbuka wiki ya mwisho! Mbwa wa Kenya huwekwa kwanza alama ndogo ya elektroniki chini ya ngozi, kisha achanjwe kichaa cha mbwa. Zipite angalau siku 30, atolewe damu ikapimwe. Kipimo kikiwa sawa, ahesabiwe miezi mitatu tangu siku ile ya kutolewa damu ndipo asafiri. Jumla ni miezi minne na ushei. Simba asipoanza mapema atabaki kwa jirani, nanyi mtamkumbuka kila jioni.

Sasa vyombo. Forodha ya Uingereza huwaondolea wahamiaji ushuru wa vitu vya nyumbani, lakini kwa masharti. Uwe umeishi nje ya Uingereza muda wa miezi 12 au zaidi, vitu uwe umevimiliki na kuvitumia miezi sita, na usiviuze mpaka mwaka upite. Maombi hutumwa pamoja na orodha ya vitu, kabla mzigo haujafika. Kumbe yule anayenunua televisheni mpya wiki ya safari ili aonekane amejaaliwa, anajinunulia ushuru!

Kontena la futi 20 hubeba kama mita 33 za ujazo. Nyumba nyingi hazilijazi, ndiyo maana watu huchanga kontena moja na kila mmoja akalipia nafasi yake. Makochi makubwa hayana faida, kwani nyumba za huko ni finyu na ngazi zake nyembamba. Pasi na blenda zako zitafanya kazi, maana plagi ni ileile ya vyuma vitatu bapa na umeme wao haupishani sana na wetu. (Anayekwenda Marekani aviache, umeme wa huko ni kama nusu ya huu.) Nyama kavu na maziwa ya unga vitanyang'anywa. Ukipakia katika masanduku ya mbao mazito, mbao ziwe zimetibiwa kwa joto na kupigwa muhuri, la sivyo mzigo utazuiliwa.

Kutoka Kilindini mzigo huchukua wiki kadhaa. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, nyingi zilizungukia Rasi ya Tumaini Jema na kuchelewa siku kumi au zaidi. Kwa hiyo blanketi, sufuria moja, mwiko na unga wa siku za mwanzo viende nanyi kwa ndege. Sanduku lenye sare za kazi na makoti mliandike namba 1 pande zote nne, na lipakiwe la mwisho, karibu na mlango wa kontena.