Fela Kuti: Ukweli Hadi Kaburini

Mwaka 1958 familia ya Ransome-Kuti ya Abeokuta, Nigeria, ilimpeleka kijana wao London akasomee udaktari. Alipofika, akajiandikisha chuo cha muziki. Wazazi tulio ughaibuni tunaijua hofu hiyo!

Lakini ukaidi aliurithi nyumbani. Mama yake, Funmilayo, aliwaongoza wanawake wa Abeokuta kupinga kodi ya wakoloni miaka ya 1940. Mwaka 1969, akiwa Marekani na bendi yake, Fela alikutana na Sandra Izsadore, aliyemfungua macho kuhusu harakati za Weusi. Akarudi Lagos na Afrobeat yenye ujumbe wa siasa, akiimba kwa Kiingereza cha mtaani ili hata muuza sokoni aelewe.

Mwaka 1976 alitoa Zombie, akiwakejeli wanajeshi wanaotii amri bila kufikiri. Februari 18, 1977, askari wapatao 1,000 walivamia makazi yake, Kalakuta, wakayachoma moto. Mama yake, aliyekuwa na miaka 76, alitupwa dirishani. Akafariki mwaka uliofuata. Fela alipeleka jeneza hadi kambi ya Dodan, makao ya watawala. Mwaka 1984 alikamatwa uwanja wa ndege akielekea Marekani kupiga muziki, akakaa gerezani miezi 20.

Hakuwa malaika. Mwaka 1978 alioa wanawake 27 kwa mpigo, na mengine aliyosema kuhusu wanawake siwezi kuyatetea mbele ya binti yangu.

Alifariki Agosti 2, 1997, akiwa na miaka 58. Kaka yake, Profesa Olikoye, daktari wa watoto aliyewahi kuwa waziri wa afya, alitangaza hadharani kilichomuua: UKIMWI. Enzi hizo familia nyingi zingesema "homa" tu.

Kwangu mimi muuguzi, tangazo lile lina uzito kama wimbo wowote wa Fela. Siri ya mgonjwa ni haki yake, nami huilinda. Ila bado napokea wodini watu wa kwetu waliochelewa kupima kwa kuogopa maneno ya ndugu. Leo dawa zipo. Anayezimeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa.

Wapigieni watoto muziki wa Fela, wajue ujasiri wake. Kisha waelezeni pia alivyokufa, bila kunong'ona.